Mita 145: shajara ya kujifunza upinde wa Kikorea

Nina miaka 41, natokea Tanga, na naishi mkoa wa Gyeonggi, si mbali na Seoul, ambako nafanya kazi ya tafsiri. Shajara hii inahusu gukgung, sanaa ya jadi ya upinde ya Wakorea. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipoanza sikupata mtu wa kuniambia kwa lugha yangu kipi ninunue na kipi niache kwanza. Kila hatua ikimalizika naongeza ukurasa. Bei zote ni za won. Mwaka 2024 won 1,000 ilikuwa kama shilingi 1,900 za Tanzania.

3 Februari 2024: Kujiandikisha

Uwanja wetu uko kwenye mteremko wa kilima. Kuna banda lenye paa la vigae, mbele yake mstari wanaposimama wapigaji, kisha bonde la nyasi, na ng'ambo ya bonde mbao tatu za shabaha. Kutoka mstarini hadi kwenye ubao ni mita 145, na ndivyo ilivyo katika viwanja vya nchi nzima. Upinde wa Olimpiki hupigwa mita 70. Ubao una upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.67, umeegemea nyuma kwa nyuzi 15. Nilinyoosha mkono nikaupima kwa jicho: ulijificha wote nyuma ya ukucha wa kidole cha mwisho.

Hakuna duara wala pointi. Mshale ukigusa ubao, popote pale, umepata. Usipougusa, hukupata. Mtu hupiga mishale mitano kwa zamu, mmoja mmoja, huku wenzake kwenye mstari wakisubiri kimya.

Kiingilio ni 200,000, ada ya mwezi 30,000. Mwalimu wetu ni mzee wa miaka 74. Aliniambia kwamba hapa mwanamke anayepiga upinde huitwa yeomusa, na kwamba wote wataniita hivyo kuanzia siku ya kwanza, hata kabla sijagusa mshale. Kisha akauliza, "Una haraka, yeomusa?" Nikajibu kwamba sina.

24 Februari: Upinde mtupu, na pete tatu

Wiki tatu bila mshale. Unavuta, unashikilia, unarudisha polepole. Ukiachia upote bila mshale, nguvu yote inarudi ndani ya upinde na unaweza kupasuka, kwa hiyo kurudisha nako ni somo. Miguu haikai sambamba, wala haipishani kabisa mmoja mbele na mwingine nyuma. Iko katikati ya hayo mawili. Kifua kiwe kitupu, tumbo lijae pumzi. Haya niliyashika mapema.

Kilichonitesa ni kidole gumba. Wakorea huvuta kwa gumba lililovishwa pete, kidole cha shahada kikalala juu ya ukucha wake, na mshale hukaa upande wa kulia wa upinde. Pete ya kwanza niliagiza kwa kukisia (25,000). Ilikuwa pana: kila nikivuta inazunguka, na ngozi ya chini ya kifundo ikachubuka hadi nikashindwa kumenya kitunguu. Ya pili (25,000) ilibana mno, gumba likafa ganzi na kugeuka rangi. Mwanachama mmoja anayechonga pete za pembe akanipima mwenyewe na kunitengenezea ya tatu (60,000), akabandika kipande cha ngozi ndani.

Akanifundisha jambo ambalo laiti ningelijua mapema: pima kidole jioni, baada ya kuvuta upinde kama mara ishirini, kwa sababu gumba linalofanya kazi huvimba. Pete iliyopimwa asubuhi ni ya kidole kingine.

23 Machi: Ramadhani, mshale uliofungwa, na mtandio

Mwanafunzi hapewi bonde moja kwa moja. Kwanza kuna jusal, mshale uliofungwa kwenye mlingoti kwa kamba: unauachia, unaruka hatua chache, kamba inauzuia. Unajifunza kuachia bila kupoteza mshale na bila kumtia mtu hatarini. Mwezi huu nafunga, kwa hiyo naenda baada ya kazi, napiga kama mishale thelathini, nafuturu tende na maji hapo hapo bandani. Wazee wakishajua saa ya magharibi huniwekea bilauri mapema.

Jumanne nilivuta vizuri, nikaachia, nikasikia kitu kikinivuta kidevuni. Upote ulikuwa umedaka mkunjo wa mtandio chini ya shavu. Pini iliruka, mtandio ukavutwa mbele pamoja na upote, na mshale ukatoka ubavu na kuanguka miguuni pangu. Shavu lilibaki na mstari mwekundu kutoka sikio hadi karibu na mdomo. Kama pini ingekaa upande wa jicho, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Mwalimu alisimamisha wote. Hakuniambia nivue mtandio. Alileta kioo kidogo, akanishika bega, akanionyesha upote unapopita: karibu na sikio, chini ya taya, kifuani. "Hapo pasiwe na kitu kinachoning'inia," akasema. "Mimi nilikatwa sikio mwaka wa kwanza."

Dawa niliyopata, kwa dada wanaojisitiri: acha pini kabisa siku ya mazoezi. Vaa kofia ya ndani ya kitambaa kinachovutika, ifunike shingo, kisha funga kilemba kifupi ambacho ncha zake zinaingia kisogoni. Kifuani vaa kinga ya ngozi. Yangu pamoja na ya mkono wa kushoto ilikuwa 35,000. Tangu hapo upote haujagusa nguo.

20 Aprili: Siku ya kwanza mstarini

Baada ya Idi nilinunua upinde wangu. Wengi wetu tunatumia wa kisasa, wa nyuzi za kaboni na kioo, kwa 250,000. Upinde wa asili, gakgung, umeunganishwa kwa pembe ya nyati-maji, mwanzi, mti wa mforosadi na mishipa ya ng'ombe, na gundi yake hutokana na kibofu cha samaki. Ukilegezwa hujikunja upande wa pili hadi kukaribia kuwa duara. Unyevu ni adui yake, kwa hiyo hutunzwa kwenye sanduku lenye joto, na si wa mwanafunzi.

Mwalimu alinishauri nichukue wenye mvuto wa ratili 35 hivi. Dukani nikaambiwa ratili 45 zitafika mita 145 bila shida. Niliwafikiria wanaume wanaovuta 50 na zaidi, nikachukua wa 45. Nikaongeza mishale kumi ya kaboni, kila mmoja 9,000, urefu sentimita 76, na mshipi wa kitambaa wa kuchomeka mishale kiunoni, 20,000.

Mstarini, kabla ya mshale wa kwanza, mwanafunzi huinama na kusema "Hwal baeumnida", yaani najifunza upinde. Wote hujibu wakimtakia apate mingi. Jambo ambalo halikunitoka moyoni siku ile ni kwamba wazee wenye miaka arobaini mstarini nao husema maneno hayo hayo, kila siku, kabla ya mshale wao wa kwanza.

Mishale mitano. Yote ilianguka katikati ya bonde, wa mbali zaidi kama mita 100.

29 Juni: Bega

Upinde wa ratili 45 ulinishinda na sikutaka kukiri. Sikuweza kuuvuta hadi mwisho, kwa hiyo niliukokota kwa kuinua bega la kulia na kurudisha kiuno nyuma. Mwalimu alisema mara mbili, "Punguza." Nilidhani misuli itazoea.

Katikati ya Mei nilishindwa kufikia rafu ya vikombe. Daktari alisema kano za bega zimevimba, akataka nipumzike wiki tano. Katika wiki hizo nilikwenda uwanjani vilevile, nikawa naokota mishale kwenye bonde na kuifuta tope.

Upinde niliuuza kwa 130,000, nikanunua wa ratili 36 kwa 230,000. Hasara 120,000, tiba mbali, na karibu miezi miwili. Kama una zaidi ya miaka 35 na hujawahi kufanya kazi ya kuvuta, nakuomba hapa usinifuate. Mshale mwepesi kwenye upinde mwepesi unafika mita 145, kwa sababu unapanda juu na kushuka. Nimemwona mama wa miaka 68 akipata mitatu kati ya mitano kwa upinde wa ratili 32.

13 Julai: Mshale mfupi

Kosa hili lilizaliwa na lile la upinde mzito, ndiyo maana nalieleza kwa urefu.

Mishale ya sentimita 76 niliipimia mvuto wa upinde mzito, ambao nilikuwa naishia karibu na kidevu. Upinde mwepesi uliniruhusu kuvuta sawasawa, mkono wa kulia ukapita sikio na kutua juu ya bega. Nilifurahi. Sikufikiri kwamba mikono ikiachana zaidi, mshale haukui.

Asubuhi moja ya masika ya huku, hewa nzito na mvua imesimama kidogo, nilivuta mshale wa tatu. Nilihisi kitu baridi kikigusa mzizi wa gumba la kushoto. Nikateremsha macho. Ncha ya chuma ilikuwa imerudi nyuma ya upinde na kukaa juu ya mkono wangu, imeelekea kwenye nyama. Maji ya mvua yalikuwa yakichuruzika kwenye wano hadi kwenye ncha, tone likasimama hapo. Ningeachia, ungepita mkononi au ungepasuka vipande.

Mwanachama aliyesimama kulia kwangu aliona. Sheria ni kwamba hakuna kuongea watu wakipiga, lakini alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Usiachie. Rudisha." Wiki zile tatu za Februari za kuvuta na kurudisha upinde mtupu, nilizoziona ndefu, ndizo zilizoutoa mkono wangu salama. Nilirudisha pole pole, nikaweka upinde chini, nikakaa bandani hadi magoti yakatulia.

Mishale mipya kumi, sentimita 79, tena 90,000. Ile mifupi nilimpa mwanafunzi mwenye mikono mifupi. Sasa kila mwezi mtu ananitazama kutoka ubavuni nikivuta hadi mwisho, na tunahakikisha ncha inabaki mbele ya upinde. Unavyozidi kunyooka ndivyo mvuto unavyorefuka, kwa hiyo pima tena kila unapobadilisha upinde.

17 Agosti: Wa kwanza

Wiki hizi uwanja mzima ulikuwa na furaha kwa sababu Korea ilitwaa dhahabu zote tano za upinde kwenye Olimpiki ya Paris. Mchezo ule ni tofauti, una kifaa cha kulengea na vidhibiti mtikisiko, lakini wazee waliutazama kama mambo ya mjukuu.

Ulikuwa mshale wa pili wa zamu ya nne. Ukiachia, unasubiri karibu sekunde tatu. Mshale unapanda, unapotea mbele ya miti, halafu unauona tena ukiinama. Kisha ukaja mlio, mzito, kama mtu amepiga pipa tupu kwa kiganja, na taa ya juu ya ubao ikawaka. Nilidhani ni wa mwenzangu. Mwalimu akanigeukia akainama kidogo.

Ni desturi ya uwanja wetu kwamba anayepata wa kwanza huwaalika wenzake chakula. Kesho yake nilileta maandazi ya iliki na chai ya tangawizi. Yalikwisha kabla ya zamu ya pili, na sasa kila nikipita mzee mmoja huniuliza ni lini nitapata "wa kwanza" mwingine.

21 Septemba: Mishale mia moja

Baada ya ule wa kwanza nilipata minane tu kwa mwezi. Nilisingizia upepo wa bondeni. Nilisingizia manyoya ya mshale. Mwalimu alinisikiliza, akanionyesha maneno manane ya Kichina yaliyoandikwa juu ya nguzo ya banda: ukiachia usipate, tafuta sababu ndani yako. Viwanja vingi vina kanuni hiyo. Nilikuwa nimeisoma miezi saba bila kuiuliza chochote.

Basi nikachukua daftari. Mishale 100 kwa siku tano, kila mmoja nikaandika ulikoanguka. Iliyopata ni 9. Iliyopita juu ya ubao 14. Iliyoenda pembeni 9. Iliyoanguka kabla ya ubao ni 68. Upepo wa bonde letu unatoka kushoto, kwa hiyo kama ungekuwa ndiyo sababu, mingi ingekwenda pembeni.

Nikamwomba mwenzangu anirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Tulipotazama picha polepole, jambo lilikuwa wazi mno: nikishavuta hadi mwisho, muda mfupi kabla ya kuachia, ncha ya mshale inatambaa mbele upana wa vidole viwili. Kiwiko cha kushoto kinalegea. Yaani navuta kote, halafu natoa sehemu ya nguvu bure, halafu naachia kilichobaki.

Miezi yote hii nilikuwa nimeushughulikia mkono wa kulia, wenye pete na maumivu, nikauona wa kushoto kama mti wa kushikilia tu. Kanuni ya zamani inasema mkono wa mbele usukume kama unausukuma mlima Tai wa China, na wa nyuma uachie kama mkia wa chui milia. Mwalimu aliweka kiganja chake mbele ya ngumi yangu ya kushoto akasema, "Nisukume." Nikasukuma. "Sasa vuta huku unanisukuma." Mikono ilitetemeka, na kwa mara ya kwanza nilihisi upinde unafunguka kutoka katikati ya mgongo, badala ya kuvutwa na upande mmoja.

Tiba niliyojipa ni wiki tatu za mishale kumi tu kwa siku, na kila mmoja nasukuma hesabu mbili kabla ya kuachia. Usizidishe idadi, ukichoka kiwiko kinarudi kwenye tabia yake.

19 Oktoba: Daftari tena, na safari ya Seoul

Mia nyingine, kwa utaratibu ule ule: imepata 27. Iliyoanguka kabla ya ubao imeshuka hadi 38.

Wiki iliyopita nilikwenda kuona uwanja wa zamani wa upinde wa Hwanghakjeong, chini ya mlima Inwang. Mfalme Gojong aliujenga mwaka 1898 ndani ya kasri la Gyeonghui, na mwaka 1922, chini ya utawala wa Wajapani, banda likahamishiwa hapo lilipo. Mwaka 1894 mitihani ya kuajiri maofisa ilikuwa imefutwa, na upinde, uliokuwa mtihani wa askari kwa karne nyingi, ukabaki bila kazi jeshini. Waliouendeleza ni watu wa kawaida, vilabuni mwao. Mwaka 2020 serikali iliutambua kuwa urithi wa taifa usioshikika. Nilisimama nyuma ya mstari nikimtazama mama mmoja akichomeka mishale kiunoni, na midomo yake ikatamka yale maneno: najifunza upinde. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuandika hivyo.

30 Novemba: Theluji, na hesabu

Theluji kubwa ya tarehe 27 ilivunja matawi ya misonobari yakaangukia njia ya bondeni, kwa hiyo hatupigi wiki hii. Nimetumia siku hizo kufanya hesabu ya miezi kumi.

Kiingilio 200,000. Ada 300,000. Pinde mbili 480,000. Pete tatu 110,000. Mishale ishirini 180,000. Mshipi 20,000. Kinga 35,000. Jumla 1,325,000, nikitoa 130,000 za upinde niliouuza, inabaki 1,195,000, takriban shilingi milioni mbili na robo. Humo, 260,000 ni gharama ya makosa: hasara ya upinde mzito, pete mbili zisizofaa, na mishale mifupi. Ukianza na ratili zinazokufaa, pete iliyopimwa jioni, na mishale mitano tu hadi mvuto wako utulie, utaanza kwa pesa chache kuliko mimi. Mishale iliyopotea kwenye nyasi ni minne.

Kwa upande wa upinde wenyewe: zamu yangu bora ni mitatu kati ya mitano, mara mbili. Kupata mitano yote kunaitwa molgi, na anayeipata mara ya kwanza hubadilishiwa cheo na kuitwa jeopjang. Mwalimu ilimchukua miaka miwili. Gakgung nimeishika mara moja tu, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sababu kuvuta upinde wa mtu bila idhini ni mwiko. Na kuanzia dani (daraja) ya tano mtihani hufanywa kwa upinde huo na mishale ya mwanzi.

Kiwiko bado kinalegea kwenye mshale wa nne na wa tano. Desemba nitapiga mitatu mitatu, nikirekodi kila Jumamosi. Mchana huu tumekubaliana tukutane na majembe saa tatu asubuhi kusafisha njia, na nimeahidi maandazi.